Magunia ya Kamsamba Yameingia Kwenye Kompyuta

Asubuhi hiyo redio ya Sabra, muuza kahawa, ilitangaza kwamba huko ng'ambo kuna kompyuta inafanya hesabu bilioni kufumba na kufumbua. Kijiwe kizima, pale pembeni ya foleni ya malori ya Tunduma, kikamgeukia Osward, mwanafunzi wa chuo.

"Digrii," akaanza Saidi Foleni, dereva mwenye siku ya tisa akingoja kuvuka mpaka, "hiyo uliyoazima dukani kwa dada yako Irene inahesabu mpunga wa Kamsamba tangu Jumatatu. Leo Alhamisi. Inahesabu punje?"

Osward hakucheka. Mwisho wa kutuma utafiti wake chuoni ulikuwa saa kumi jioni ile, la sivyo angehitimu mwakani, na mama yake keshaalika ukoo mzima.

"Programu yangu inasomwa mstari kwa mstari," akajitetea. "Kompyuta inasoma, inatafsiri, inatenda. Mstari ukirudiwa mara milioni, unatafsiriwa mara milioni."

"Kumbe ni Watson huyu," akasema Saidi.

Watson Mulishani, mkalimani wa wafanyabiashara wa Zambia, akaweka kikombe chini. "Dogo, mimi mteja akinuna katikati, nageuza sentensi hapo hapo. Barua ukishaituma, imekwenda."

"Basi leo nina barua," akasema Osward, akafungua laptop yake. Rafiki yake Yonasi alikuwa amemtumia kile kipande kizito cha programu kikiwa kimetafsiriwa chote, mara moja tu, kwa lugha ya mashine yenyewe. Akabonyeza. Sabra hajamaliza kumimina kahawa, majibu hayo. Osward alitamani kumkumbatia mtu.

"Hebu soma," akasema Nikodemo, mkulima wa Kamsamba, mmoja wa wale aliowahoji.

Osward akasoma kilo kwa ekari. Nikodemo akatikisa kichwa.

"Umetupunja. Gunia umeliweka kilo ngapi?"

"Mia."

"Kakwambia nani? Sisi tunajaza mpaka linavaa kofia. Lumbesa, bwana. Kilo mia na thelathini, kila nyumba, hata kwa mchungaji."

Osward akaifunga laptop, akaifungua tena.

"Si ubadilishe," akasema Saidi.

"Siwezi. Hiyo mia imefungiwa humo ndani. Maandishi yake ya asili anayo Yonasi, na simu yake haipatikani."

"Na ile ya polepole, ya dukani?"

"Ile naibadilisha sasa hivi. Majibu Jumapili."

"Kwa hiyo mwenye mbio hasikii," akasema Watson, roho kwatu, "na anayesikia bado yuko njiani."

Sabra alikuwa anasuuza vikombe. "Kaka Osward, kama yote ni lumbesa, si uyazidishe hayo majibu mwishoni? Kila mia uiongezee thelathini."

Osward akatafuta kasoro, kwa heshima ya miaka mitatu ya chuo, akaikosa. Akaazima simu ya Sabra yenye kikokotoo, akapiga hesabu huku wanamchungulia, akaandika, akatuma. Saa tano ilikuwa haijafika.

Ndipo Irene akavuka barabara mbio kutoka dukani kwake, anahema.

"Kaka, kompyuta imemaliza! Naomba sasa niwachapie wateja barua zao."

Osward akafungua mdomo. Saidi akamwahi.

"Dada Irene, rudi ukaiambie zilikuwa lumbesa. Ianze upya."