Propela Isiyopinda

Jumatatu, 15 Aprili 1996
Nimechoka. Propela ya boti yetu imegonga mawe tena hapa Sio Port. Imejikunja kama jani la sukuma. Japheth wangu, kitinda mimba, nahodha asiye na mfano ziwa lote, ameshinda akiinyoosha kwa nyundo huku wachuuzi wa dagaa omena wakipanda boti ya Petronilla. Petronilla akaniuliza kwa sauti, mama, siku hizi unabeba watu ama umefungua karakana ya jua kali? Walicheka hata wale ninaowadai pesa za sukari! Japheth akasema siku nyingine kama hii, anaenda kuendesha ya Petronilla. Damu yangu!

Jumanne, 16 Aprili
Nimefikiri. Propela yetu ni ya aluminiamu, na aluminiamu ni nini? Ni sufuria! Na sufuria nazijua, haziangukI bila kubonyea. Dawa ni chuma cha stenlesi. Vijiko vyangu vya arusi ni stenlesi, havijapinda hadi leo. Japheth anasema heri propela ipinde nje kuliko gia zivunjike ndani ya injini. Nikamuuliza nani alimzaa mwenzake. Nimefika darasa la saba, tena nikiongoza wasichana.

Alhamisi, 18 Aprili
Malaba, mpakani, kutafuta propela ya stenlesi. Malori, vumbi, magoti yananiuma. Echodu muuza vipuri akanipa kiti, akaniita mama, akasema stenlesi hii itanizika. Mtu wa heshima sana. Nimerudi nimeipakata kama mjukuu. Inang'aa! Nimejiona uso ndani yake. Uso umechoka, lakini mzuri.

Jumamosi, 20 Aprili
Japheth akaifunga kwenye injini. Wachuuzi wakapanda kwetu! Nikampungia Petronilla mkono. Halafu jiwe. Kishindo nilikisikia nikiwa ufukweni. Injini inanguruma, boti haiendi. Petronilla akaja kuivuta, akiimba wimbo wa kanisa, tena ule mrefu. Fundi akafungua injini: gia zimekuwa githeri, vipande vipande kama mahindi na maharage. Na propela? Haina hata mkwaruzo! Nikaiinua juu watu waone. Hakuna aliyepiga makofi.

Jumatatu, 22 Aprili
Japheth ameanza kazi kwa Petronilla. Alisema mama, usilie, nitakuwa nakuja kula. Sikulia. Ni moshi wa kuni mbichi. Petronilla anajisifu kwamba sasa ana nahodha. Nimemwambia ni wa kuazima.

Kwa sababu tatizo nimeliona: injini ndiyo ilikuwa laini. Kesho alfajiri ni Malaba. Echodu ataniambia injini gani inaifaa propela yangu.