Fundi wa Magodoro Tisa

Jumatatu, 3 Machi. Manyunyu tangu alfajiri. Soksi zimelowa.

Mhariri kaniita kabla sijakaa. Kiti cha Mbele, yule mzee wa gazeti shindani, amenitangulia kwa hukumu tatu mfululizo. Akinitangulia ya nne, nahamia ukurasa wa tanzia. Ya nne ni keshokutwa: fundi cherehani anayeshtakiwa kuiba magodoro tisa ya hospitali. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Kajibu kuwa wasiwasi ndio kazi yake.

Jumanne, 4. Jua.

Mzee huyo huchungulia makaratasi yangu. Nimemnasa kwa kioo cha poda. Basi nimechapa habari ya uongo: "Fundi afungwa miaka saba." Nitaiacha kwenye benchi la mahakama. Ainakili, aumbuke. Mama kaisoma, kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemweleza kuwa hiki si kisima, ni mkakati.

Jumatano, 5. Mawingu.

Fundi kaachiwa huru. Chambo hakikuguswa, mzee alisinzia hadi hakimu alipoanza kusoma hukumu. Nimekiokota, nikakitia kwenye bahasha yangu. Mbio hadi ofisini. Habari ya kweli nimeichapa kwa dakika kumi na moja, nikaitia kwenye bahasha hiyohiyo isikunjike. Mhariri alikuwa akigonga meza. Nimechomoa karatasi, nimempa, nimekwenda kunywa chai ya ushindi.

Alhamisi, 6. Sikutazama hali ya hewa.

Ukurasa wa kwanza: "Fundi afungwa miaka saba." Ya kweli bado imo kwenye bahasha, haina hata kunyanzi.

Saa nne fundi mwenyewe kaja, gazeti mkononi. Hakufoka, afadhali angefoka. Kasema wateja wake wanne wamekuja asubuhi kuchukua vitambaa vyao. Kawafungulia mlango yeye mwenyewe. Wa mwisho kamuuliza ametorokaje.

Kiti cha Mbele kapiga simu kunipa pole. Kaniita mwanangu. Hilo ndilo limeniuma.

Ijumaa, 7. Manyunyu tena.

Tumeomba radhi ukurasa wa kwanza, pamoja na picha ya fundi akiwa kwenye cherehani yake. Wateja wawili wamerudi. Mimi niko tanzia.

Huku nako lazima mtu awahi. Nimesikia mwenye jengo letu amelazwa. Nimeandika tanzia yake kabisa, imebaki tarehe tu. Nimeandika na ya kuomba radhi, endapo atapona. Zote mbili nimezitia kwenye bahasha moja, zisipotee.

Saa tatu na robo. Nalala.