Dhamana ya Gancho

Ijumaa, 17 Julai
Mkaguzi ameshuka kutoka makao makuu, mjini Sofia. Bi Milkova. Miwani, mkoba, tabasamu hakuna. Anawaita wafanyakazi wangu mmoja mmoja: je, meneja wenu hukopesha ovyo? Mimi! Niliyemwidhinishia Gancho mkopo wa kufuga mbuni, benki nyingine zote zikimcheka! Wakinisema vibaya, nitanyang'anywa mamlaka ya kukopesha, nibaki kumwagilia maua ya ofisini.

Mkakati: kuwalainisha. Nimewanunulia banitsa za jibini, zingali moto. Tsvetana, mkuu wa dirisha la fedha, kala tatu. Kisha kanitazama. "Bosi, tamu kweli. Ila nikiulizwa, nasema ukweli." Shukrani ya punda!

Jumamosi, 18 Julai
Akili ni mali. Jumatatu ni Ilinden, siku ya jina langu, yaani sikukuu ya mtakatifu niliyepewa jina lake. Haalikwi mtu, hafukuzwi mtu, na mwenye jina ndiye anayelisha. Nitaandaa meza pale pale benki. Bi Milkova akishakula changu, atanisema kwa mdomo upi? Mke wangu anasema mkaguzi si kuku, harushiwi mtama akaja. Hajui mambo ya benki.

Jumatatu, 20 Julai
Ole wangu. Ilianza vizuri. Bi Milkova alikubali saladi kidogo. Mara Gancho huyo mlangoni, na sinia la kubebwa na watu wawili. Ilinden huchinjwa jogoo mzee kuliko wote bandani. Gancho hafugi jogoo.

Bi Milkova akaonja, akasifu, akaongeza. Kisha akauliza kwa upole kama anaweza kupelekwa kuiona dhamana ya mkopo wa Gancho, yule mbuni dume la mbegu.

Gancho akavua kofia. "Mama, si ndiye huyo unayemla."

Uma ukawekwa chini. Nikajua nimekwisha. Ndipo Tsvetana akajifuta midomo, akaeleza kwamba mkopo ule haujatoka hata senti. Kila ninachoidhinisha, wao hukilaza kwanza kwenye droo yake mpaka nikisahau. "Bosi tunampenda, mama. Ndiyo maana tunamchunga." Gancho hata hakununa. Alidhani pesa zimechelewa njiani tu.

Jumanne, 21 Julai
Uamuzi wa Bi Milkova: meneja ni wa hatari, wafanyakazi wanalijua hilo, kwa hiyo tawi ni salama. Naendelea kukopesha, ila lazima Tsvetana naye atie sahihi. Nimelia mbele yao wote, wala sikuona haya. Miaka yote hii wananichunga, na mimi sijui. Nawapenda watu hawa.

Na somo nimelipata: dhamana isiwe kitu cha kuliwa. Nimemweleza Gancho, kaelewa mara moja. Sasa atafuga konokono wa kuuzia mahoteli.

Tsvetana anakwenda likizo baharini wiki ijayo. Sahihi yake itakuwa mikononi mwa Plamen wa dirisha la pili, na hakuna kitu anachokipenda Plamen kama banitsa.