Kesi ya Sungura Mweupe

Jumatatu, 3 Machi. Bwera.

Balaa! Vitoto vya sungura wangu vimeota manyoya. Vitatu vyeusi tii. Cha nne cheupe pe!

Papa Gracien, baba yake Elise, alipokimbia vita Beni, ng'ambo ya mpaka, aliacha sungura wake weusi, na hadi leo anawalilia. Kasema atakayemletea mbegu nyeusi kama ile ndiye atakayesikilizwa akija kumposa Elise. Mimi, mdomo mbele, nikaapa: baba mweusi, mama mweusi, hatatoka mweupe hata wa dawa. Anakuja Jumapili kukagua.

Baba yangu, afande wa kambini, aliniita Bright. Maskini, alikuwa na matumaini.

Mkosaji namjua. Byaruhanga jirani, kapera mwenzangu, naye anamtupia Elise macho. Ana dume jeupe. Limeruka ua!

Jumanne.

Nimepeleka kesi kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, Mama Mayimuna. Mshtakiwa, lile dume, nilimbeba mwenyewe ndani ya gunia. Akanikojolea koti, na ndilo pekee nililo nalo. Byaruhanga aliuliza tu jozi yangu nyeusi niliinunua kwa nani. Kwake. Na mama yao alikuwa rangi gani? Mweupe.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nimeamriwa kumwomba radhi Byaruhanga, na dume pia. Nimewaomba wote wawili. Dume liliendelea kula.

Alhamisi.

Mwalimu Ninsiima, anayefundisha baiolojia, kanihurumia. Kasema kila mtoto hurithi rangi mbili, moja ya baba, moja ya mama. Nyeusi ikiwepo hufunika. Nyeupe hujificha chini yake, haifi. Weusi wawili wenye nyeupe ya kujificha wakikutana, mmoja kati ya wanne huweza kutoka mweupe. Kumbe hapakuwa na uzinzi!

Akaendelea kwamba weupe wawili huzaa weupe tu, maana nyeusi haijifichi, sijui nini na nini. Hapo sikuwa naye tena. Wazo lilikuwa limenijia. Kama weusi huficha weupe, basi weupe nao huficha weusi!

Ijumaa.

Nimempa Byaruhanga weusi wangu wote, wazazi na watoto, na kale keupe juu. Yeye kanipa jozi yake nyeupe. Alikubali kabla sijamaliza kusema, akanisaidia hata kubeba. Mjinga yule!

Jumapili, 9 Machi.

Papa Gracien kaja na Elise, bado kavaa shati la misa. Kawatazama weupe wangu. Nikamweleza habari ya weusi uliojificha. Kisha akauliza vile vitoto vyeusi viko wapi, nami nikaonyesha ng'ambo ya ua.

"Mutoto yangu," akasema, "mi nilitaka tu bawili ba kuanzia. Ule mweupe tungemukula."

Wakaenda kwa Byaruhanga. Nimemsikia mzee toka huku akivipa vile vitoto majina ya sungura wake wa zamani, analia, anacheka. Iliniuma, sitaficha. Hata chai yao ya tangawizi ilinukia mpaka kwangu.

Jioni Elise alipita kuniaga. Nimemwambia avumilie kidogo tu, jike langu jeupe litazaa weusi watupu, na safari hii sitoi hata mmoja. Alinitazama kwa muda mrefu, macho yamejaa huruma.

Yale ni mapenzi. Kesho naanza kujenga banda la weusi.