Bata Bukini wa Bwana Rötzer

Jumatano, 4 Novemba 1829

Walikohoa. Wimbo wangu wa ukungu juu ya mto Danubi, beti nne, fidla zikinong'ona, jasho la wiki nzima! Jana usiku umeimbwa kwa mara ya kwanza, na ukumbi mzima ukakohoa kama wodi ya wagonjwa wa kifua. Ubeti wa tatu mwimbaji wetu mkuu aliuruka. Wa nne aliuimba huku akielekea mlangoni.

Huu ni mchezo wangu wa mia na arobaini. Nimewatungia watu wa Vienna nyimbo za majini, za wajane, za wapishi, hata za mtu aliyegeuzwa kiti. Hakuna hata mmoja unaoimbwa barabarani. Lakini Kajetan Rötzer, mtunzi wa ukumbi wa ng'ambo ya mfereji, akipiga chafya tu mji mzima unaitikia. Rötzer huyu huyu! Ujanani tulipiga fidla meza moja ya noti, nikimfunulia kurasa!

Na anaiba. Mchezo wake wa kiangazi una noti nane mfululizo kutoka kwangu. Mke wangu Walburga anasema noti zenyewe duniani ni saba tu, sasa mtu aibe zipi. Mwanamke mwema. Muziki haujui.

Asubuhi mkurugenzi wetu, Bwana Hönig, kaniita. Mkataba wangu unaisha Krismasi. Anataka wimbo ambao mpishi anaweza kuuimba huku akimenya viazi. Kasema, "Ukungu, Bwana Prandl, hata kwangu nyumbani upo."

Nikashuka ngazi nimenuna. Ngazi ya mwisho, wazo! Rötzer anapenda kuiba? Basi aibe takataka. Nitatunga wimbo mbaya kuliko nyimbo zote, nimtegee kama panya, naye auimbishe jukwaani. Hapo nitasimama mbele ya halaiki na kupaza sauti: Mwizi! Aibu mara mbili. Kaiba, na alichokiiba ni uozo.

Leo nitalala kama mtoto.

Alhamisi, 5 Novemba

Kutunga kibaya ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Mkono umezoea uzuri. Nimekaa jikoni penye joto tangu asubuhi. Kila nikiharibu sauti moja, ya pili inajirekebisha yenyewe.

Mchana Walburga kamleta bata bukini wa kuliwa Sikukuu ya Mtakatifu Martin wiki ijayo, yuko hai, ana hasira. Kanidonoa goti. Maneno yakaja papo hapo:

Bata bukini kavaa kofia,
kwa daktari akakimbilia:
"Daktari, nasikia baridi jamani!"
"Pole mwanangu, ingia jikoni!"

Kisha kiitikio, mlio wa bata: kwa, kwa, kwa, mara sita, na tarumbeta moja inayotoa sauti isiyotajika mbele ya mapadri. Nimeuimba mara kumi ili niukariri, maana noti zake sithubutu kuziandika karatasini. Ni uchafu mtupu. Walburga kacheka hadi kaangusha mwiko. Nimemwambia hili si jambo la kuchekwa, hii ni vita.

Ijumaa, 6 Novemba

Chambo kimeliwa!

Mimi na Rötzer tuna kinyozi mmoja, Kratky, Mcheki mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ijumaa Rötzer huwa wa kwanza kitini. Nimemkuta kafunikwa povu mpaka chini ya macho, kichwa nyuma, wembe shingoni. Hawezi kusema wala kugeuka. Masikio yako wazi, na ndiyo niliyoyafuata.

Nimekaa kwenye benchi, nimefungua gazeti, nikaanza kuimba puani kama mtu asiyejijua. Bata bukini kavaa kofia. Mara ya kwanza polepole. Mara ya pili na kwa-kwa zake zote. Kratky kauliza leo nina furaha gani, au mama mkwe kasafiri? Nikamwambia ni kawimbo kangu tu, ka kipuuzi, hakana mwenyewe.

Nikaona kidole cha Rötzer kinagonga mkono wa kiti. Kinagonga sawasawa na pigo langu!

Katoka bila hata kuagana nami vizuri. Na kakonda huyu mtu. Koti linamning'inia. Wivu unamla, bila shaka.

Jumapili, 8 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Nimesikia kwamba ukumbini kwa Rötzer wameingiza wimbo mpya kwenye mchezo wao. Nikavuka daraja, nikapata nafasi juu kabisa, karibu na dari, nimebanwa kati ya mchinjaji na mkewe. Koo langu lilikuwa tayari. Nimejizoeza neno Mwizi njia nzima, hadi polisi mmoja kaniuliza nimeibiwa nini.

Katoka mchekeshaji wao na kofia yenye manyoya. Bata bukini! Neno kwa neno, kama nilivyoimba! Tarumbeta ikatoa ile sauti yake. Nikasimama. Nikafungua kinywa. Na ukumbi wote ukasimama pamoja nami, watu elfu moja, wakipiga miguu, wakipaza sauti irudiwe. Nikaita, "Mwizi! Mwizi!" Mchinjaji akadhani nashangilia, akanikumbatia, akapaza sauti pamoja nami: "Mwizi! Mwizi kweli, anaiba mioyo yetu!" Upande wote wa juu ukaitikia hivyo.

Umerudiwa mara nne. Mara ya tatu nilijikuta naitikia kwa-kwa. Ni kubanwa tu, pumzi ilitoka yenyewe.

Jumatatu, 9 Novemba

Jiji limerukwa na akili. Muuza maziwa anauimba. Mpiga kinanda cha mkono ameukalia chini ya dirisha langu tangu saa mbili asubuhi. Padri wetu kajisahau akautoa puani akiwasha mshumaa.

Nikakimbilia kwa Kratky, shahidi wangu. Nikamwambia, si unakumbuka Ijumaa nani aliuimba hapa? Kakumbuka sana. Kasema, "Mimi mwenyewe! Nyimbo kama hizi, bwana, hunijia nikinoa wembe. Rötzer kanisikia tu." Wateja wakampigia makofi. Wawili walikuwa tayari wamemnunulia bia.

Jioni Bwana Hönig kaniuliza mbele ya waimbaji wote nauonaje wimbo wa Bwana Rötzer. Nilikuwa na uchungu. Nilisema ni wimbo wa mlevi aliyelala zizini, na kwamba aliyeutunga angekatwa masikio, aondolewe kabisa kwenye kazi ya muziki. Nikaapa kwa Mungu. Nikaongeza mambo mengine kuhusu mama yake mtunzi huyo.

Marehemu mama, unisamehe.

Hönig kangoja nimalize. Kisha kasema nimtungie kama huo huo ifikapo Jumatano mchana, la sivyo Krismasi hii nitakula pamoja na ukungu wangu.

Jumanne, 10 Novemba

Nimetunga wa bata mzinga. Nimempelekea leo leo. Kausikiliza wote, kafunga mlango, kaniambia kwa sauti ya chini kwamba kumwiga Bwana Rötzer waziwazi hivi ni fedheha kwa mtu wa umri wangu.

Kumwiga!

Nimerudi nyumbani kupitia njia ya nyuma, nisikutane na mtu yeyote anayeimba. Nikamkuta Rötzer kasimama mlangoni, kofia mkononi, mvua inamnyeshea.

Hakutaka kuketi. Kasema, "Blasi, ndugu yangu, wimbo ni wako, nami najua kuwa ni wako. Mdomo ulikuwa na povu, masikio hayakuwa nalo." Kisha kaeleza. Tangu mkewe Theresa afariki Aprili hajatunga hata mstari. Anakaa mbele ya piano mpaka chumba kinapoa. Ule wa kiangazi, wenye noti zangu nane, ulitoka kwenye makaratasi yetu ya ujanani. Hakujua tena lipi lake lipi langu. Ijumaa ile, kasema, kidole chake kilisogea chenyewe kwenye kiti, na akakishangaa kama cha mtu mwingine. Akaenda nyumbani kuandika kabla hakijanyamaza. Kesho jioni atasimama jukwaani atangaze jina langu.

Nilikuwa nikisubiri maneno hayo kwa miaka ishirini.

Lakini jana nimeapa mbele ya waimbaji kumi na wanne! Masikio yakatwe! Kesho jina langu likitangazwa, Hönig ataleta mkasi! Nikajivuta, nikasema kwa ukavu kabisa kwamba Bwana Rötzer kanifananisha na mtu mwingine. Mimi Blasius Prandl situngi bata.

Kanitazama. Kasema, "Haya, Blasi." Kavaa kofia iliyolowa, kaondoka taratibu akishika ukuta wa ngazi.

Walburga alikuwa jikoni. Alisikia yote. Kanifungia mlango. Kishindo chake ni kibaya kuliko tarumbeta yangu.

Jumatano, 11 Novemba. Mtakatifu Martin

Sahani tatu mezani. Nikauliza ya tatu ni ya nani. Walburga kasema ni ya mtu ambaye mwaka huu hana wa kumpikia, kisha kanitazama huku kashika kisu cha nyama. Sikuuliza zaidi.

Rötzer kaja na koti kubwa na uso mdogo. Tukaketi. Bata bukini, kabichi nyekundu, madonge ya viazi, mvinyo mpya. Nikamkatia paja. Nikazungumzia hali ya hewa. Akakubali kwamba ipo.

Ndipo Walburga akaweka uma chini. Kasema alisimama kwenye jiko hili hili Alhamisi, akausikia wimbo mara kumi, mtunzi wake kavaa soksi tupu na kadonolewa goti. "Mmoja anautoa, hautaki. Mwingine anao, anaurudisha. Na mimi nimechoka kuolewa na mwanamume anayetunga vizuri akiwa na hasira tu. Kula, Kajetan. Na wewe Blasi, sema."

Nikasema. Nikasema yote, pamoja na mtego, na neno Mwizi, na mchinjaji. Nilidhani atasimama aondoke.

Rötzer alianza kutikisika mabega. Nikadhani analia, na kweli machozi yalikuwepo, lakini ni kicheko, kicheko kile cha zamani, cha meza ya fidla. Kauliza, "Kwa hiyo huo ndio mbaya kuliko yote unaouweza?" Nikajibu kwa huzuni, ndiyo, nilijitahidi sana. Kasema basi hapo ndipo tofauti yetu ilipo: yeye mbaya hutoka bila jitihada.

Tukahamia kwenye piano. Akaniomba ule wa ukungu. Nikampigia. Hakukohoa. Ulipoisha akasema Theresa angeupenda, ila beti nne ni nyingi, mbili zinatosha. Nikakasirika, nikakata mbili. Sasa ni mzuri zaidi. Sitamwambia.

Akaweka mkono wa kushoto kwenye piano, mimi wa kulia. Mpaka Walburga anawasha taa tulikuwa na nyimbo tatu, na moja ni yake peke yake, ya kwanza tangu Aprili. Alipoimaliza alitazama vidole vyake, akavikunja, akavikunjua. Walburga akaingia jikoni kufuta macho. Kasema ni vitunguu. Hatukula vitunguu.

Ijumaa, 13 Novemba

Heri tupu! Tumekwenda wote wawili kwa Hönig. Rötzer kamweleza wazi wazi bata ni wa nani. Nikakinga masikio. Hönig kacheka mpaka kaketi chini, kisha kasema watunzi wawili kwa tangazo moja ni biashara ambayo ukumbi wa ng'ambo hauwezi kuikataa, kumbi hizi mbili zitagawana mchezo. Mkataba wangu umeongezwa mwaka. Waimbaji kumi na wanne wamenipigia kwa-kwa nilipotoka. Nimeinama kwa heshima.

Ninamshukuru Mungu. Husuda ni mzigo, leo nimeutua. Mimi ni mtu mpya. Kajetan ni ndugu yangu, na kati ya ndugu hakuna wa kwanza wala wa pili.

Jumamosi, 14 Novemba

Nimeona bango la majaribio dukani kwa mpiga chapa. "Muziki wa Kajetan Rötzer na Blasius Prandl."

Na Prandl.

"Na"! Kama kabichi kando ya bata!

Kajetan kasema yeye hajali kabisa, aliyepanga ni mpiga chapa. Asiyejali angejali kidogo basi! Kwa alfabeti P inatangulia R, hata mtoto anajua. Kwa umri mimi ni mkubwa miezi mitatu. Kwa bata, sisemi.

Nimechunguza. Mpiga chapa hupanga herufi Jumatatu asubuhi, na Jumapili jioni yuko kwenye baa ya mvinyo kule Nussdorf, mtu laini akishafika glasi ya tatu. Sitamwomba chochote. Nitakaa tu meza ya jirani na kuongea peke yangu, kwa sauti, kuhusu alfabeti.

Haiwezi kuharibika.