Malalamiko Kuhusu Hema Lililo Juu ya Paa Letu

Mchafukoge, Dar es Salaam
Jumatano, baada ya alasiri

Kwa Ami Yasser,
Magomeni.

Ami yangu mheshimiwa, shikamoo.

YAH: KUNIRUDISHIA BABA YANGU KAMA ALIVYOKUWA

Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu unacheka mpaka salio linaisha. Mwezi uliopita ulimchukua kaka yako, yaani baba yangu Mzee Hamud, mkaenda siku tisa kupiga kambi na kuvua samaki huko Ziwa Rukwa. Ulimchukua mzee mtulivu ambaye, tangu Mama afariki miaka miwili iliyopita, alikuwa anakaa kwenye kiti chake pale dukani Kariakoo, anazungumzia mzigo tu, jioni anarudi nyumbani kulala. Hakuwa na usumbufu wowote. Uliyemrudisha simfahamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hataki kitanda. Amepiga hema juu ya paa la ghorofa letu, pale pa kuanikia nguo, eti chumbani hakuna hewa. Nilitegemea Euphrasia wa ghorofa ya tatu atamfokea. Badala yake ameanika kanga zake kwenye kamba za hema, na kila asubuhi anampandishia maandazi.

2. Anasalimia watu. Kutoka nyumbani hadi dukani ni mwendo wa dakika kumi. Sasa ni saa nzima, kwa sababu huko ziwani mmemfundisha kwamba mtu hapitwi bila kujuliwa hali. Juzi alimsimamisha msukuma mkokoteni katikati ya barabara akamuuliza habari za wazazi, mmoja mmoja. Msururu wa magari uliotokea nyuma yao, Ami, siwezi kuueleza kwenye karatasi.

3. Hili ndilo linaloniuma. Unajua tunauza ndoano na nyavu. Kwa miaka thelathini Baba, ambaye hakuwahi kuvua hata dagaa, amewahakikishia wateja wa maziwa yote kwamba ndoano yetu namba sita inavuta hata kiboko. Wewe ukamwacha aitumie. Kambale mmoja wa Rukwa akainyoosha ikawa sindano. Sasa mteja akiishika tu, Baba anamwambia, "Iache hiyo mwanangu, itakuaibisha." Ukweli, dukani, Kariakoo! Na kibaya zaidi wateja wameongezeka, wanapanga foleni kumsubiri yeye. Mimi nikiwahudumia wananiuliza kama nimewahi kuvua.

4. Picha ya huyo kambale. Jumatatu, kwa masimulizi ya Baba, alikuwa na urefu wa mkono, leo ananizidi kimo. Na pichani aliyemshika ni wewe.

Nimesikia Jumamosi mnaondoka tena, safari hii Ziwa Tanganyika. Ami, nasema wazi: naogopa. Mzee ana presha, huko mtandao haushiki, na mzazi niliyebaki naye ni huyo huyo mmoja. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, umwambie gari limeharibika. Wewe hujawa mkweli kama yeye, utaweza.

Bi Zeina mfikishie salamu zangu, na watoto wote, na hata hilo gari, ingawa nalo ni mshirika katika kosa.

Ni mimi mwanao mwenye manung'uniko,
Shaima Hamud

N.B. Barua hii nimeiandikia ndani ya hema lenyewe, maana huku juu kuna upepo mzuri. Baba alinikaribisha kahawa, tukakaa. Tangu Mama afariki hakuwahi kulitaja jina lake. Leo amenisimulia kwamba kila mwaka Mama alimwomba wakalione ziwa wanakotoka wateja wao, naye kila mwaka akamjibu kwamba dukani hakuna wa kumwachia. Akalia, nikalia, kisha akaanza tena habari za kambale tukacheka. Ami, Jumamosi usimdanganye kitu. Duka nitalifunga. Hema nimelipima, tunaenea wawili.