Gari la Kufungulia Bomba

Jambo la kwanza aliloliona mhudumu wa chai ni kwamba utepe wa kupimia ulipima kila kitu pale uani mwa ofisi isipokuwa miguu ya Mkurugenzi.

Idara ya Maji ilikuwa imetangaza, kwa vipaza sauti na mabango, kwamba Kamati ya Tathmini ya Gari Kubwa imeanza kazi rasmi. Bomba la mtaani kwao mhudumu lilikuwa tayari tangu miezi minane nyuma, limefungwa mnyororo na kufuli. Lakini bomba la umma halifunguliwi na mtu aliyeshuka kwenye gari dogo. Maji yangemdharau. Kwa hiyo mama yake mhudumu aliendelea kubeba ndoo kutoka ng'ambo ya bonde, na goti lake moja lilikuwa limeanza kulia kama bawaba.

Magari matatu yaliletwa. Wajumbe tisa waliyapanda, wakayashuka, wakayapiga matairi mateke ya kitaalamu. La kwanza lilikatwa alama kwa kuwa mtu wa nje aliweza kumwona wa ndani. La pili lilitumia mafuta kidogo, jambo lililotia shaka. La tatu lilikuwa refu kama ghorofa, viti vinane, vioo vyeusi tii.

"Hili ndilo dume!" alisema katibu wa kamati. "Ukikaa humu, wananchi unawaona utosi tu."

Mhudumu alimpa dereva kikombe, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, Mkurugenzi atalipandaje?"

"Wewe dada, shika birika lako. Kumpima mkubwa ni kumvunjia heshima."

Kwamba Mkurugenzi ni mfupi, ofisini hapo halikuwa jambo lililothibitishwa.

Siku ya ufunguzi ukatoka Waraka Namba Saba. Mkurugenzi anapopanda gari, watumishi wote wageukie ukuta. Dereva atazame mbele, na akisikia mlango umefungwa, aondoke. Mlango utafungwa na mhudumu, macho yakiwa chini.

Macho yaliyokuwa chini ndiyo yaliyoona viatu. Kimoja kilipanda, kikapapasa hewa, kikarudi. Kikapanda tena. Juu yake zilisikika pumzi za mtu anayevuta gunia.

"Binti," Mkurugenzi alinong'ona, maana angepaza sauti watu wangegeuka. "Ufunguzi umeahirishwa. Kamati ikae upya, ijadili ngazi."

Kamati ile ikishakaa, kusimama ni majaliwa.

"Ndiyo, mzee," alisema mhudumu. Akafunga mlango.

Gari likaondoka; viatu vikabaki, vikanyata kurudi ofisini. Watumishi wakaupigia ukuta makofi.

Kule bombani watu walikuwa wamejipanga na ndoo zao. Gari likasimama. Kioo hakikushuka, na dereva hakuthubutu kugeuka nyuma. Baada ya nusu saa, fundi bomba alijinyoosha hadi kwenye kile kioo cheusi.

"Mheshimiwa, tufungue?"

Kimya.

"Jamani, mkubwa akinyamaza ameridhia," alisema fundi, akakata mnyororo.

Maji yakaruka hadi kwenye boneti. "Hotuba tamu kama hii sijapata kuisikia," alisema mama yake mhudumu, ndoo ikijaa. "Kumbe huyu bwana ana akili!"

Taarifa ya idara iliandika kwamba mgeni rasmi alizungumza kwa kina. Mkurugenzi aliisoma mara mbili. Kuikanusha kungemlazimu aeleze alikuwa wapi, na kwa nini. Akatia saini. Wiki hiyo hiyo mitaa minne ikaomba gari lije kwao pia, ikisisitiza kioo kisishushwe. Tangu hapo gari ndilo linalokwenda kazini. Mkurugenzi hubaki ofisini, mlango kafunga, asije akaonekana yuko sehemu mbili.

Siku moja alimwita mhudumu.

"Binti, siku ile... hukunisikia?"

Mhudumu aliinamisha kichwa, akammiminia chai, akatoka na birika lake.

Jibu ni hili: nilikusikia, mzee, neno kwa neno. Na ule mlango niliufunga kwa mikono miwili.